Dada wa bibi aliyemfuata mumewe mkongeni: atafutwe wapi?

Swali: "Bibi yangu mzaa mama alikuwa na dada yake wa tumbo moja. Wote walizaliwa upande wa Peramiho, Songea. Huyo mkubwa tunakadiria alizaliwa mwaka 1928. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mumewe alikwenda manamba Tanga, yaani kazi ya mkataba kwenye mashamba ya mkonge, naye akamfuata. Barua yake ya mwisho ilifika kabla ya Uhuru. Bibi ameshafariki, na mama analijua jina la ubatizo la mama yake mkubwa na ukoo tu, Komba. Je, alifunga ndoa kanisani? Mume alikuwa nani? Kama alizaa huko, watoto wake nitawapataje? Nilikwenda RITA kuulizia kuzaliwa kwake nikaambiwa hakuna kitu."

Jibu:

Ndugu msomaji, RITA hawakukosea. Enzi za Mwingereza usajili wa vizazi na vifo haukuwalazimu Waafrika wa vijijini, kwa hiyo mtoto wa kike aliyezaliwa Ungoni mwaka 1928 usitegemee kumkuta kwenye daftari la serikali. Ila umetaja kitu kimoja kinachobeba kazi yote: ana jina la ubatizo. Kama ni Mkatoliki, na kama alifunga ndoa kanisani, ndoa hiyo ilipaswa kuandikwa mahali pawili, na mojawapo ni pale pale alipobatizwa, hata kama padre aliyewafungisha alikuwa Korogwe, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao.

Amri ya Roma iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, na baada yake Sheria ya Kanisa ya 1917, zilimtaka padre anayefungisha ndoa apeleke taarifa kwenye parokia walikobatizwa wanandoa. Paroko wa huko huiandika pembeni mwa mstari wa ubatizo: amefunga ndoa na nani, wapi, tarehe gani. Lengo lilikuwa kumzuia mtu asifunge ndoa mara mbili, maana mchumba hudaiwa cheti kipya cha ubatizo, na kikitolewa, ndoa ya kwanza hujitokeza yenyewe. Kwa anayetafuta ukoo, faida yake ni kubwa. Mstari mmoja unakuwa jalada dogo la maisha ya mtu: ubatizo, kipaimara, ndoa, pengine hata kifo.

Basi usianzie Tanga. Mashamba ni mengi, utazunguka mwaka mzima. Anzia Peramiho, na ukifika Peramiho usianze na dada mtu. Anza na bibi yako.

Bibi yako bila shaka aliacha cheti cha ubatizo, au nakala iliyochukuliwa kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe. Juu yake kuna namba ya L.B., yaani kitabu cha ubatizo. Kwa namba hiyo ofisi ya parokia inaufungua ukurasa kwa dakika chache, wakati jina peke yake linaweza kula siku nzima, maana akina Komba wa Songea ni wengi mno. Ukiukuta mstari wa bibi, nakili herufi kwa herufi jinsi majina ya baba na mama yalivyoandikwa, kijiji, na msimamizi wa ubatizo. Sasa unajua mapadre waliwaandikaje wazazi hao. Herufi hizo ndizo za kufuata, hata kama nyumbani mnaandika vingine.

Kutoka hapo rudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, hadi miaka kumi na miwili au zaidi. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosa, nenda mbele pia. Mtoto wa wazazi Wakristo alibatizwa siku chache baada ya kuzaliwa. Lakini dada aliyezaliwa kabla wazazi hawajaipokea dini alipaswa kupita ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, uliochukua miaka. Kwa hiyo dada mkubwa anaweza kuwa amebatizwa baada ya mdogo wake, akiwa msichana wa miaka kumi au kumi na tano, pamoja na kundi zima siku ya Pasaka, Pentekoste au Noeli. Kwenye kundi kama hilo umri ni wa kukisia. Ukiona "nata c. 1930" ("nata" ni "alizaliwa") usiseme si yeye kwa sababu nyumbani mnasema 1928. Ile "c." maana yake "yapata", na padre alikisia kwa kumtazama tu.

Kuhusu kitabu chenyewe kipo wapi. Misheni ya Peramiho ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, na parokia nyingi za leo zilimegwa kutoka kwake baadaye. Parokia ikimegwa, vitabu vya zamani hubaki kwa parokia mama. Parokia mpya huanza kitabu chake tangu siku ilipofunguliwa. Kwa hiyo hata kama kijiji cha kina bibi leo kina kanisa kubwa na paroko wake, mtu wa mwaka 1928 hayumo kwenye vitabu vya hapo. Jiulize: mwaka ule, kigango chao kilihudumiwa kutoka misheni gani? Kama kwao kulielekea Umatengoni, inaweza kuwa Litembo, iliyofunguliwa mwaka 1914 na sasa iko Jimbo la Mbinga. Inaweza pia kuwa Kigonsera, ya mwaka 1899.

Kitabu kikiwa kimeliwa na mchwa au ukurasa umechanika, safari haijaisha. Sheria ile ya 1917 ilitaka kila parokia ipeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu kila mwisho wa mwaka. Si parokia zote zilizotimiza, lakini uliza ofisi ya Jimbo Kuu la Songea, tena uliza kwa maneno hayo hayo: "nakala za mwaka za vitabu vya parokia." Ukikuta karatasi ya kabla ya 1931 imetajwa Lindi, usidhani imepotea njia. Hadi mwaka huo Peramiho ilikuwa chini ya Lindi.

Vitabu hivi ni mali ya Kanisa na vina siri za watu. Andika barua kwa paroko kabla ya kwenda, ipitie kwa mwenyekiti wa jumuiya yenu, ueleze undugu wako na mtafutwa na miaka unayotaka isomwe. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Jumapili ofisi ina watu wa matangazo ya ndoa na misa za marehemu. Usitoe simu kupiga picha kabla hujaruhusiwa. Mara nyingi atakayekusomea ni katibu wa parokia, na yeye hajui Kilatini cha miaka ile, kwa hiyo inakupasa uwe umejiandaa wewe.

Na Kilatini chenyewe si kigumu, ni maneno kama ishirini yanayojirudia. Chukua mstari wa mfano, ambao nimeutunga ufanane na ule utakaoukuta. Safu ya jina inasema "Mechtildis". Nyumbani huyo ni Mektilda. Wabenediktini walipenda watakatifu wa kwao, ndiyo maana Ungoni kumejaa akina Skolastika, Walburga na Otilia, na kila jina lina sura ya Kilatini na sura ya nyumbani. Kisha "fil. leg.", binti wa ndoa halali. Kisha majina ya wazazi, pengine yakifuatwa na "pag.", yaani wakati ule hawakuwa wamebatizwa. Kisha tarehe: "12. 7bris 1938". Hapo wengi huandika Julai. Siyo. "7bris" ni Septemba, kwa sababu septem ni saba. "8bris" ni Oktoba, "9bris" Novemba, "Xbris" Desemba. Kosa dogo hilo linakupeleka kwenye ukurasa usio wake.

Kisha "matr." Neno hili litazame mara mbili. Likiwa kwenye safu ya wasimamizi ni matrina, mama wa ubatizo. Likiwa pembeni kabisa, kwenye maelezo, ni matrimonium, ndoa. Yupo anayesoma jina la mama wa ubatizo akadhani amepata jina la upande wa mume. Pembeni huko ndiko tunakokutafuta, na mara nyingi kumebanwa kwa wino tofauti na mkono tofauti, kwa kuwa kuliandikwa miaka kumi au ishirini baadaye: "matr. 4.2.47 c." halafu jina la mwanamume na mahali. Hiyo "c." ya hapa si "yapata" tena, ni cum, "pamoja na". Mwandiko wa mapadre wa Kijerumani nao una mitego yake: moja yao ina mkia mrefu kama saba, saba yao imekatwa katikati, na juu ya herufi "u" huweka kialama kama kofia ili isichanganywe na "n". Ukikwama, tafuta kwenye ukurasa huo huo neno unalolijua, kwa mfano jina la kijiji, ulinganishe herufi.

Ukipata ndoa pembeni, hamia kitabu cha ndoa, L.M. Hata usipoipata, kitabu hicho ukisome kuanzia 1944 hadi 1950, kwa sababu sheria ya wakati ule iliweka kawaida kwamba ndoa ifungwe kwa paroko wa bibi harusi isipokuwa kuwe na sababu ya haki. Tahadhari moja: faharasa ya kitabu cha ndoa, ikiwepo, kwa kawaida hufuata jina la mwanamume, na hilo ndilo usilolijua. Achana nayo, pita safu ya wanawake mstari kwa mstari. Kwa misheni kubwa ni kazi ya siku nzima au mbili, na inalipa.

Mstari wa ndoa una mengi kuliko ule wa ubatizo: majina ya wanandoa na baba zao, parokia ya kila mmoja na mara nyingi namba zao za L.B., mashahidi wawili, padre, na vibali kama vilihitajika. Namba ya ubatizo ya mume ndiyo dhahabu yako, maana inakupeleka kijijini kwake, na ndugu zake wa leo ndio wanaoweza kuwa na barua za Tanga ambazo kwenu hazikufika. Mashahidi nao usiwaache. Mara nyingi ni kaka, mjomba au katekista wa kigango. Ukiona "disparitas cultus" imetajwa, mume hakuwa amebatizwa. Ukiona "mixta religio", alibatizwa katika Kanisa jingine. Kwa Songea fikiria kwanza Waanglikana wa mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli, na ukamtafute huko.

Sasa, pembeni pakiwa patupu? Hapo usikate shauri haraka. Huenda walifunga ndoa na taarifa ikapotelea njiani. Barua kutoka misheni ya Tanga hadi Peramiho ilikuwa na safari ndefu. Huenda walioana kimila, mahari ikatolewa, wakaondoka, na ndoa ya kanisani ikafungwa mkongeni siku walipotaka kumbatiza mtoto wa kwanza, au haikufungwa kabisa. Au umemshika msichana mwingine mwenye jina hilo hilo. La mwisho ndilo hutokea zaidi, kwa hiyo hakikisha mambo matatu yanakubaliana na mstari wa bibi yako: jina la baba, jina la mama, na kijiji. Mawili tu hayatoshi kwa ukoo mkubwa kama Komba.

Kabla ya kugeukia Tanga, tafuta ile barua ya mwisho, na hasa bahasha yake. Stempu zitakuambia muda: yenye sura ya Mfalme George ni ya enzi zake, kabla stempu za Malkia Elizabeth hazijashika nafasi mwaka 1954, zote hizo ziliandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na Tanganyika ilipata tena stempu zake yenyewe siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961. Mhuri wa posta uutazame kwa kioo cha kukuzia, ukiuinamisha kwenye mwanga wa dirishani. Posta ya Muheza, ya Korogwe au ya Ngomeni ni nusu ya jibu, kwa sababu inakuondolea mashamba mengine yote. Geuza pia picha mlizonazo: mafundi picha wa mjini walipenda kupiga mhuri wa duka lao nyuma. Na usilichukulie neno "Tanga" kama lilivyo. Kwa wazee wengi "Tanga" lilimaanisha mkonge, na watu wa Songea walikata mkonge Morogoro na Lindi pia.

Manamba wengi wa miaka ile waliandikishwa kupitia SILABU, shirika la wenye mashamba lililoanzishwa mwaka 1944 kutafuta wafanyakazi mikoa ya mbali. Neno manamba lenyewe linatokana na namba aliyopewa mtu akiandikishwa. Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, zina majalada ya idara ya kazi na ya wilaya ya Songea, na ukienda na barua ya utambulisho utasoma jinsi watu walivyosafirishwa, walivyolipwa, na malalamiko yao. Kasome kama unataka kuielewa safari yake. Ila jina la mwanamke aliyefuata mumewe usilitarajie humo, kwa sababu mkataba ulikuwa wa mume. Zaidi ya hapo, si ajabu mume mwenyewe kuandikishwa kwa jina jingine. Ndiyo sababu nasema huko Tanga usimtafute kama mke. Mtafute kama mama.

Mtoto akibatizwa, mama anaandikwa kwa jina lake la ubatizo na la kwao, pengine na asili yake. Mume anaweza kubadili jina, kambi na hata shamba, lakini, tukiendelea na mfano wetu, "Mechtildis Komba ex Peramiho" ("ex" ni "kutoka") kwenye safu ya mama habadiliki. Mapadre walizunguka mashambani kusali makambini, na ubatizo wa huko uliandikwa kwenye vitabu vya misheni waliyotoka. Kwa hiyo ukishajua posta, uliza ofisi ya Jimbo la Tanga: kati ya 1948 na 1965, shamba hili lilihudumiwa kutoka parokia gani? Halafu soma safu ya mama peke yake kwa miaka hiyo. Kumbuka kwamba Tanga ilitengwa na Kilimanjaro mwaka 1950, kwa hiyo nakala za kabla ya hapo, kama zilipelekwa, zilielekea Moshi. Ukikuta mtoto ameandikwa "fil. nat." au "illegit.", usiumie moyo. Ni lugha ya ofisi, maana yake wazazi hawakuwa na ndoa ya kanisani siku ile, na yenyewe inakujibu swali lako la kwanza.

Huko mkongeni zipo njia mbili nyingine za masikio. Mtu wa Songea aliitwa Mngoni hata akiwa Mmatengo au Mndendeule, na mwanamke aliitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo ukiwauliza wazee waliofanya kazi korona, kiwanda cha kusindika mkonge, au kuukata, usiulize "Mektilda Komba". Uliza "yule mama Mngoni, mumewe alikuja na watu wa Songea". Ukishapata jina la mtoto kitabuni, ulizia Mama wa huyo mtoto.

Huenda pia alibadili dini, hasa kama mume wa kwanza alifariki akaolewa na mtu wa pwani. Hapo jina la ubatizo linakufa. Ndoa nyingi za Kiislamu za miaka ile zilifungwa mbele ya shehe na mashahidi bila karatasi iliyobaki, kwa hiyo tegemea wazee wa msikiti na wajukuu kuliko daftari.

Karatasi za serikali zinaanza kukufaa baada ya Uhuru. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF, ulianza mwaka 1964, na mume aliyefanya kazi hadi wakati huo alipaswa kuwa mwanachama. Kumbukumbu zake zilirithiwa na NSSF, na mtoto au mjukuu wake ndiye mwenye haki ya kuziulizia. Majalada ya mashamba yenyewe usiyategemee sana. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, baadaye yakauzwa tena, na karatasi zikatawanyika. Kilicho bora ni Mahakama ya Mwanzo ya eneo lao. Mume akifa na kuacha kibanda, minazi au fedha za mfuko, mirathi ilifunguliwa pale, na ndani ya jalada kuna jina la mjane na watoto wote kwa umri. Nenda na jina la marehemu na miaka mitatu minne ya kukisia, uombe kuangaliziwa kwenye rejista ya mirathi.

RITA rudi, lakini kwa swali jingine. Mara ya kwanza uliulizia kuzaliwa. Sheria ya Ndoa ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971, na tangu hapo ndoa za kanisani na msikitini zina nakala inayokwenda kwa msajili. Kama aliolewa tena baada ya hapo, au alifariki mjini hospitalini, huko ndiko kwa kuulizia: toa majina yake yote, la ubatizo, la ukoo na la mume, wilaya, na miaka isiyozidi mitano. Ombi lenye miaka arobaini halitafutiki.

Ukishafika mlango wa watoto au wajukuu wake, tanguliza picha ya bibi yako na jina la baba wa dada hao wawili kama lilivyoandikwa Peramiho, na nakala ya mstari wa ubatizo uwe nayo mkononi. Usitaje shamba, nyumba wala mirathi siku hiyo, na usiende na watu wengi. Mgeni anayetoka mbali akijitambulisha kama ndugu, jambo la kwanza wanaloliogopa watu ni kiwanja chao. Waache wakuulize wao kwanza kaburi la mama yake bibi yao liko wapi, na uwe umeshalijua kabla hujaondoka Songea.